Kazi Chafu za Matondoni

Msafiri aonaye mashua ikipita mbele ya mji wa Lamu, tanga limejaa upepo, hudhani kwamba mwenye chombo hana kazi ila kushika usukani na kupokea nauli. Nami nilidhani hivyo mpaka nilipofika Matondoni, kijiji cha waunda vyombo kilicho upande wa pili wa kisiwa hicho.

Ulikuwa wakati wa bamvua, na maji yamekupwa sana. Mashua moja ilikuwa imelala ubavu matopeni. Chini yake mzee mwenye chombo na mwanawe walikuwa wakikwangua chaza na majani ya bahari kwa vipande vya chuma. Chaza walikuwa wamewachana vidole, na matope yenye kunuka yamewaenea mpaka kifuani. Hapakuwa na nafasi ya kupumzika, kwa maana bahari haimngojei mtu. Maji yakisha kupwa hukawia kidogo tu, kisha huanza kujaa.

Walipokwisha kukwangua, waliwasha makuti makavu wakaupitisha moto chini ya mbao, moshi ukiwatoa machozi. Moto huo ni wa kumwua mdudu atoboaye vyombo. Umbo lake ni kama mnyoo, lakini kwa asili ni wa jamii ya chaza. Huingia angali mdogo kwa kitundu kisichoonekana upesi, kisha hukua ndani akiula mti. Kwa nje ubao waonekana mzima, kumbe ndani umekuwa kama sega la nyuki.

Kisha kijana aliingia ngamani na upo wake, akafua maji meusi yaliyooza pamoja na damu ya samaki. Baada ya hapo ilifuata kalafati, yaani kushindilia pamba yenye mafuta katika nyufa za mbao. Kando yao palikuwa na chungu cha deheni, shahamu iliyochanganywa na chokaa, ya kupaka chini ya chombo, na debe la sifa, mafuta ya ini la papa, ya kupaka mbao za juu. Mzee alicheka akaniambia, “Siku ya sifa, mke wangu hujua nimerudi kabla sijabisha hodi.”

Mara kijana akaacha kugonga. “Baba, njoo uone.” Karibu na mkuku mlio wa ubao ulikuwa mzito, na kisu kilipotiwa kikazama kama katika mkate.

Kesho yake walikuwa wameahidi kupeleka watu wa arusi Faza, na nauli imekwisha pokewa. Mtu mmoja aliyesimama pwani aliwashauri wapake deheni mahali pale, waende, kisha watengeneze watakaporudi. Nani angejua?

Mzee akajibu, “Bwana, nauli hurudishwa, mtu aliyezama harudishwi.” Akamtuma mwanawe arudishe fedha, naye akaenda kumtafuta fundi wa kuchonga ubao mwingine wa mbambakofi.

Nilimtazama akienda, nguo zimejaa matope, nikafahamu kwamba abiria wale hawatajua kamwe ni nani aliyewaokoa. Methali yetu husema kwamba asiyeziba ufa hujenga ukuta. Baharini jambo hili ni zito zaidi, kwa sababu huko hakuna wasaa wa kujenga ukuta.