Moyo wa Asilimia 38: Kompyuta Haijui Siku Yako ya Kufa

Leo mastaa tuwaweke pembeni kidogo. Kuna ishu inasumbua hadi huku kwetu Kibiti: mtu akipewa namba ya kompyuta hospitali, familia nzima inaichukua kama ramli.

Nina mjomba, jina kapuni, mtu wa delta. Wanae walijichanga wakampeleka India kupimwa moyo kwa kipimo cha mionzi. Karatasi ikasema asilimia 38. Basi bana, kabla boti haijatoka Nyamisati, kijiji kizima kilishajua "moyo wa mzee umekufa asilimia 62". Msimu wa mpunga akanyimwa jembe. Ndugu wakaanza kuulizana mashua itabaki kwa nani, na yeye anasikia.

Nikaanza kuchimba. Kumbe hata moyo mzima haufikishi 100! Kila pigo, chumba kikubwa cha kushoto kinatoa kama asilimia 50 hadi 70 ya damu iliyojaa, nyingine inabaki. Kwa hiyo 38 ni chini, sikatai, ni ugonjwa wa kutibiwa. Ila sio maksi za mtihani.

Namba inapatikanaje? Unachomwa dawa yenye mionzi kidogo, mara nyingi teknetiamu, ambayo nguvu yake inapungua nusu kila saa 6. Kamera inapiga picha, halafu programu inachora ukuta wa moyo na kupiga hesabu. Zipo kadhaa, kama QGS ya Cedars-Sinai na ile ya Emory, zote za Marekani. Picha zilezile ukizipitisha kwenye programu mbili, unaweza kupata namba mbili. Moyo ukiwa mdogo, kama wa wanawake wengi, namba inaweza kupanda kuliko ukweli. Utumbo ukiwaka karibu na moyo, mstari unaweza kuchorwa kombo.

Kutabiri je? Kweli, wenye namba ndogo kama kundi wako kwenye hatari zaidi. Lakini kundi ni kundi, mjomba ni mmoja. Na kwa wengi dawa zikishika, namba inapanda.

Kwa hiyo ukipewa karatasi, muulize daktari: picha zilikuwa safi? Ultrasaundi ya moyo inasemaje? Ukirudia kipimo, programu iwe ileile ndo ulinganishe. Na jamani, mirathi isigawiwe mwenyewe yupo sebuleni anakunywa chai.

Kwenu ilishatokea? Shusha komenti hapo chini.