Kabla Hujaenda Kariakoo

Mwanangu,

Tangazo ulilonitumia la ile projekta ndogo nyeupe nimelisoma lote, hadi maandishi madogo ya chini kabisa. Lumeni 9,000, 4K, picha ya inchi 200, bei laki mbili na nusu. Wewe umetenga laki tano, kwa hiyo najua tayari unahesabu chenji. Nimeona nikuandikie badala ya kukupigia, maana kwenye simu huwa unaitikia "sawa mama mdogo, sawa mama mdogo," halafu unakwenda kufanya ulichokusudia toka mwanzo.

Na kabla hujaniuliza kwa nini nisikupe moja ya zile projekta zangu za kukodisha zilizolala stoo: watu wa send-off na kipaimara siku hizi wanataka skrini za LED, ndiyo maana zimelala. Taa zake zimechoka, na taa halisi ya kubadilishia inaweza kukaribia bei ya projekta nzima iliyotumika. Nikikupa ile nitakuwa nimekupa deni.

Sasa tuzungumze. Hizo lumeni 9,000 hazipo. Projekta inayotoa mwanga wa kiasi hicho hufungwa kwenye kumbi kubwa za mikutano, haibebwi kwa mkono mmoja, na bei yake inakaribia ya gari dogo. Aliyeandika tangazo ama amehesabu mwanga pale pale kwenye balbu, kabla haujapita kwenye lenzi na kupotea njiani, ama amejiandikia tu namba iliyompendeza. Kipimo cha kuulizia kinaitwa ANSI, kimekuwepo tangu 1992. Unarusha picha nyeupe tupu, unaigawa sehemu tisa, unapima mwanga unaofika kwenye kila sehemu, unatafuta wastani wake na kuuzidisha kwa eneo la picha. Kipo pia cha ISO 21118 kinachofuata njia hiyohiyo. Vile vidogo vya bei uliyoitaja, ukivipima hivyo, vingi vinaangukia kati ya lumeni 100 na 300.

Usidharau, lakini. Nataka uelewe hesabu hii ili usidanganywe na muuzaji, na usitishwe na mimi. Jumba la sinema hulenga mwangaza wa kandela 48 kwa kila mita ya mraba ya skrini. Chukua projekta ya lumeni 200 za kweli, irushe kwenye ukuta mweupe, picha ya inchi 100, yaani upana wa mita 2.2 na kimo cha mita 1.25. Unapata kama kandela 23, nusu ya sinema. Isogeze hadi picha iwe inchi 70, upana wa mita moja na nusu hivi, unafika 47. Mashine ni ileile. Mwanga ni kama mchuzi: sufuria moja, wageni ukiwaongeza unaongeza maji. Zile inchi 200 za kwenye tangazo zina eneo mara nne ya inchi 100, hivyo mchuzi huo hata rangi hautakuwa nayo.

Hapo nimesema kana kwamba chumba ni giza totoro, nacho si giza. Nimeiona sebule yenu ya Tabata: dirisha pana la aluminiamu, pazia jepesi la kupendeza alilochagua mkeo, na taa ya ulinzi ya jirani inayowaka usiku kucha. Watu wengi hawalifikirii hili, hata wanaokuja kukodi kwangu: projekta haina namna ya kurusha weusi. Inarusha mwanga tu. Panapotakiwa kuwa peusi kwenye picha, mashine inajitahidi isirushe kitu, na unachokiona pale ni ukuta wako kama ulivyo. Ukuta ukiwa umemulikwa na dirisha, basi weusi wako ni ukuta mweupe uliomulikwa, na nywele za msanii, usiku wa kwenye filamu, suti ya bwana harusi, vyote vinageuka kijivu cha maji ya ukoko. Sijui ni mara ngapi nimesimama kwenye turubai jeupe saa nane mchana, mashine ya lumeni 3,000 inaunguruma, na picha za utotoni za bibi harusi hazionekani hata na mama yake aliyekaa mbele. Mteja anakugeukia wewe, mashine haina kosa lolote.

Ndiyo maana katika laki tano zako nataka kwanza utoe fedha ya mapazia. Mazito, yenye kitambaa cha pili kwa nyuma, yanayopita ukingo wa dirisha pande zote mbili. Mapazia yatakuongezea ubora wa picha kuliko laki moja ya ziada utakayoitia kwenye mashine. Ukuta upake nyeupe isiyong'aa, kwa sababu rangi ya mafuta inarudisha doa la mwanga machoni. Shuka la kitanda achana nalo, linapitisha mwanga kwenda nyuma, na feni ikiwashwa picha nzima inacheza.

Na kama hutaki mapazia, au kama unachotaka hasa ni mpira wa mchana, basi nunua televisheni. Nasema hivi mimi niliyesomesha watoto kwa projekta. Mechi ya Ligi Kuu ya saa kumi jioni inachezwa jua likiwa bado liko dirishani kwako. Za Ulaya za saa nne usiku, hapo projekta ni raha isiyo kifani, na tamthilia za mkeo za baada ya chakula vilevile. Umesema unaiwazia pia AFCON ya 2027, ambayo Tanzania, Kenya na Uganda zilipewa kuiandaa pamoja. Mechi za jioni zitakupa raha, za mchana utakwenda kwa jirani mwenye televisheni.

Hiyo 4K nayo ina ujanja wake. Soma vizuri, imeandikwa "inapokea 4K", maana yake ukiichomekea picha ya 4K haitaikataa. Itaipokea, itaipunguza, itakuonyesha kwa nukta ilizo nazo. Wewe ulizia resolusheni halisi ya kioo cha ndani. Ukiambiwa 1920 kwa 1080, vizuri sana. 1280 kwa 720 inavumilika kwa picha ya inchi 80. Ukitajiwa 800 kwa 480, mshukuru muuzaji kwa ukweli wake uondoke.

Ningekuwa wewe, ningefanya hivi. Ningetafuta projekta ya ofisi iliyotumika, zile zinazoletwa kutoka Dubai na Ulaya baada ya kampuni kubadilisha vifaa. Hazina umbo la kupendeza, hazina intaneti ndani, feni yake inasikika. Lakini iliyoandikwa lumeni 2,500 na kiwanda kinachoheshimika ilipimwa kweli, na hata taa ikiwa imechakaa ikabaki nusu, bado unayo zaidi ya 1,200. Sebule yenu ina mita tatu na nusu kutoka ukuta hadi ukuta. Toa nafasi ya mashine yenyewe na waya wake, zinabaki kama mita 3.2. Mashine nyingi za ofisi zinahitaji umbali wa mara moja na nusu ya upana wa picha, kwa hiyo utapata picha ya upana wa mita 2.1, inchi 96 hivi, yenye mwangaza mara tatu ya ule wa sinema. Hapo hata mtoto akifungua mlango wa jikoni picha haifi. Ya 1280 kwa 800 inakutosha. Za 1024 kwa 768 ni za umbo la televisheni za zamani, filamu itabaki na mikanda mipana juu na chini, lakini kama bei ni ya kutupa usiikatae.

Za aina hii ziko za namna mbili. 3LCD, kama nyingi za Epson, zina vioo vitatu, kila kimoja kwa rangi yake: nyekundu, kijani, bluu. DLP zinatumia kigae cha vioo vidogo mno vinavyogeukageuka, kazi iliyoanzia Texas Instruments kwa Larry Hornbeck mwaka 1987. Nyingi za DLP hupitisha rangi moja baada ya nyingine kwa kasi, na wapo watu wanaoona vipande vya upinde wa mvua wakigeuza macho haraka. Mwambie mkeo atazame dakika kumi kabla hujalipa; huenda wewe huoni kitu na yeye kichwa kinamuuma.

Dukani usikubali kuonyeshwa video yao ya vipepeo na matone ya maji. Nenda na flashi yako yenye filamu unayoijua, yenye maandishi chini, iwe na usiku mwingi. Omba wazime taa. Kisha rusha picha nyeupe tupu: kwenye 3LCD iliyochoka utaona mabaka ya njano au ya bluu, na hayo hayatibiki. Rusha nyeusi tupu: kwenye DLP iliyougua utaona nukta nyeupe zisizoondoka, leo ni tatu, baada ya miezi ni mia. Tazama pembe zote nne kama maandishi yanasomeka, si katikati tu. Fungua menyu uone saa za taa. Taa ya zebaki ya mashine hizi huishi saa 3,000 hadi 5,000, ila mafundi wengine huirudisha hesabu kwenye sifuri, kwa hiyo uamini jicho lako kuliko menyu. Iache iwake nusu saa, uone kama inazima yenyewe kwa joto. Mwisho dai risiti ya EFD, siyo kikaratasi cha mkono, hata akikupunguzia elfu kumi ili usiidai.

Ukikosa ya ofisi ya kueleweka, nunua ile ndogo ya LED, lakini iwe ya 1080 halisi na uirushe inchi 70 au 80. Ina faida zake. Taa yake hutajwa kudumu saa 20,000 au zaidi, na umeme ukikatika ghafla haiumii kama ya zebaki, ambayo inataka feni imalize kuipoza kwanza. Kwa ile ya ofisi tafuta UPS ya kompyuta ya mezani inayoweza kuibeba, ya kuipa nafasi ya kuzimika kistaarabu. Kwa upande wa LUKU, mashine ya ofisi inakula wati 280 hivi, ukiitazama saa tatu kwa usiku ni karibu uniti moja. Ile ndogo haifiki hata theluthi ya hapo. Kasoro yake kubwa ni vumbi: nyingi hazikuzibwa ndani, vumbi linatua kwenye kioo na kukaa kama doa la ukungu kwenye kila onyesho la giza. Na Tabata vumbi unalijua.

Ina jambo jingine linalonitia wasiwasi kuliko vumbi. Hizi ndogo huja na Android ndani na programu za filamu za bure zilizokwisha pakiwa. Juni 2025 shirika la FBI la Marekani lilitoa onyo kuhusu mtandao wa vifaa vilivyopandikizwa programu haramu, BADBOX 2.0, vingine kabla hata havijatoka dukani, na projekta za kidijitali zilitajwa humo. Usiingize barua pepe yako ya kazi kwenye kitu hicho, wala namba ya siri ya chochote. Hata Netflix kwenye mashine isiyo na leseni yao mara nyingi itakataa au itakupa picha hafifu, na ukijaribu kurusha kutoka kwenye simu unaweza kusikia sauti huku picha ni nyeusi. Tumia kompyuta yako kwa waya wa HDMI, au king'amuzi.

Sauti isikusumbue, sabufa unayo. Iunganishe kwa waya, siyo Bluetooth, la sivyo goli litaingia kwanza na shangwe itafuata. Mashine iweke usawa na picha, kwenye rafu ya nyuma ya kochi. Ukiiinamisha halafu ukategemea ile kurekebisha pembe yenyewe, inanyoosha picha kwa kutupa nukta ulizozilipia.

Kuna vitu viwili nataka unitumie kabla hujaenda Kariakoo Jumamosi. Nipimie ukuta kwa futi ya fundi, kutoka swichi hadi kona, maana nakumbuka kuna kabati la vyombo pale ambalo mkeo hatakubali lihamishwe. Na geuza king'amuzi unipigie picha ya nyuma. Kama kina tundu za rangi tatu tu na hakina HDMI, tafuta mashine iliyo na tundu hizo, na hilo linabadilisha duka la kuanzia. Mwambie mkeo pazia lake jepesi lisitupwe, linakwenda chumbani.

Mama yako mdogo