Majani ya Mwarobaini na Pete ya Bibi

Akina mama wenzetu, sisi wauguzi tunaojitolea kanisani tuna jambo la kukiri. Katika semina moja ya afya tulisema kwamba majani ya mwarobaini yanaweza kusaidia kutengeneza dawa ya fedha. Tulisema kwa haraka, tukapigiwa makofi, tukaenda kunywa chai.

Wiki mbili baadaye bibi mmoja alituletea mjukuu wake aliyeungua mkono kwa uji. Kidonda kilikuwa kimefunikwa majani ya mwarobaini, aliyoyachemsha pamoja na pete yake ya fedha. Usaha ulikuwa umeanza. "Si ninyi mlisema?" alituuliza. Tulikosa jibu. Mtoto tulimpeleka hospitali, akapona, ila kovu limebaki.

Basi leo tueleze polepole, kama ilivyotupasa siku ile.

Ni kweli kwamba fedha huua vijidudu. Katika miaka ya 1880 daktari Carl Credé wa Leipzig, Ujerumani, aliwatia watoto wachanga matone ya nitrati ya fedha machoni ili kuwakinga na upofu. Krimu yenye fedha nayo imetumika kwa majeraha ya moto tangu miaka ya 1960.

Mwaka 2004 wanasayansi wa Pune, India, walieleza jinsi walivyochanganya maji ya majani ya mwarobaini yaliyochemshwa na nitrati ya fedha. Vitu vilivyomo katika majani viligeuza fedha iliyoyeyuka kuwa chembe ndogo mno, zinazopimwa kwa nanomita. Nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Faida ya njia hii ni kupunguza matumizi ya kemikali kali.

Lakini hiyo ni kazi ya maabara na vipimo. Pete haiyeyuki katika sufuria ya majani, na majani ya jikoni yanaweza kuingiza uchafu kidondani. Wala msinywe "maji ya fedha" yanayouzwa kama dawa: fedha ikijikusanya mwilini, ngozi hugeuka rangi ya kijivu-buluu, na haitakati tena.

Mtoto akiungua, mwagieni mahali hapo maji safi ya baridi, yasiyo ya barafu, kwa dakika 20. Funikeni kwa kitambaa safi, kisha mkimbizeni kituo cha afya. Msipake majani, siagi wala dawa ya meno.

Bibi yule ametusamehe. Siku hizi, kwenye semina zetu, hatuachii twende kunywa chai mpaka tumjibu maswali yake yote.