Iafoni za Elfu Hamsini

Kijana wangu wa tatu anapiga kinanda katika bendi ya maharusini hapa Dar es Salaam. Mwaka 2023 kiongozi wao aliwatangazia kwamba spika za miguuni, zile zinazowaelekea wapigaji ili wajisikie wenyewe, zinaondolewa jukwaani; kila mmoja atafute iafoni zake. Fedha zitatoka wapi, hakusema. Jioni moja kijana akanijia barazani, akaketi, akasema, "Baba, wewe umepiga besi miaka ishirini. Nisaidie kuchagua."

Nilifurahi kuliko nilivyomwonyesha. Ni nadra siku hizi mtoto kumwuliza mzazi jambo lenye waya ndani yake.

Msomaji asiyeijua kazi hii anivumilie kidogo. Mpigaji aliye jukwaani hasikii kile mnachokisikia ninyi mlioketi ukumbini. Ngoma ziko mgongoni mwake, gitaa liko ubavuni, na kila mtu anataka ajisikie, basi kila mtu anaongeza. Solo likipanda, kinanda nacho kinapanda, mpiga ngoma anazidisha nguvu, na ikifika saa sita usiku jukwaa zima linagombana kama soko. Iafoni ya jukwaani huingia ndani ya tundu la sikio na kuliziba, kelele za nje zikapungua, ukaletewa ulichokiomba tu kwa sauti ya chini. Huko Marekani, Jerry Harvey, fundi mitambo wa bendi ya Van Halen, alianzisha kampuni ya Ultimate Ears mwaka 1995 kwa ajili ya kazi hiyo, na kwa muda mrefu vitu hivyo vilikuwa mali ya wakubwa. Mwaka huohuo wa 1995 mimi nilikuwa nasimama hatua mbili tu kutoka kwenye boksi la spika, nikilipa sikio la kushoto, usiku tano kwa wiki.

Wachina ndio walioiangusha bei. Kampuni ya Moondrop, kwa mfano, ilitoa iafoni iitwayo Chu mwaka 2022 kwa dola 20 hivi, na wenzao wakafuata. Basi tukakusanya tatu: moja ya mtaani ya shilingi 8,000, moja ya hizo za Kichina, ambayo mfanyabiashara wa Kariakoo alitupa kwa 50,000, na ya tatu tukaazima kwa mwenzake kijana, aliyeinunua kwa zaidi ya 400,000. Nikamwambia, kaa hapo, utaona mzee anavyofanya kazi.

Kazi yenyewe niliianza vibaya. Nilichomeka moja, nikasikiliza, nikachomeka nyingine bila kugusa sauti ya simu. Ile ya 8,000 ikashinda! Nikashangaa, kisha nikaona haya. Iafoni hazilingani kwa wepesi wa kutoa sauti. Umeme uleule ukiingia, moja inapiga kelele na nyingine inanong'ona, na sikio la binadamu hupenda kilicho juu zaidi hata kama si kizuri. Muuzaji yeyote wa redio pale Kariakoo analijua hilo. Tukaanza upya, safari hii tukizisawazisha kwanza.

Nilitumia nyimbo za Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki kwa ajali ya gari huko Mombasa mwaka 1979, kwa sababu nazijua kama njia ya kwetu. Sichukui wimbo mgeni kupima chombo kigeni, maana hapo nitakuwa na mambo mawili nisiyoyajua. Katika nyimbo zake najua gitaa la rithimu linakaa wapi, na najua besi inapopiga hatua ya kushuka. Ile ya 8,000 ilitoa besi kama mtu anayeburuta kabati: nzito, ndefu, haina noti. Mnunuzi wa barabarani huifurahia. Lakini mpigaji akiivaa hajui kama yuko katika F au amepotea, na rithimu yote imemezwa.

Ile ya 50,000 nayo haikuwa na besi hata kidogo. Nikamwambia kijana, hii haina tumbo, mwenyewe arudishiwe. Kijana hakubisha. Aliichukua, akavua vile vikofia vya raba, akavaa vikubwa zaidi vilivyokuwa ndani ya boksi, akanipa tena. Ama! Besi ikaingia imesimama wima, kila noti na nyumba yake. Raba ikiacha upenyo, sauti nzito ndizo zinazovuja kwanza. Nilikuwa tayari kuwahukumu watu waliofanya kazi yao vizuri, na kosa lilikuwa raba ya tundu la sikio langu.

Ile ya 400,000 ilikuwa na waya laini na boksi la ngozi. Sauti ilikuwa safi, sikatai, na katika kwaya zenye watu wengi ilizitenga sauti kidogo zaidi. Lakini kwa kinanda cha harusi sikuona mahali zilipokwenda zile 350,000. Mwaka 2017 mtafiti Jeroen Breebaart alichapisha vipimo vya hedifoni na iafoni 283, na hakuona uhusiano kati ya bei na jinsi zinavyogawanya sauti nzito na nyembamba. Mwenye kulipa zaidi huenda akalipia uimara, waya au jina. Hayo nayo yana thamani yake, ila yasiitwe sauti.

Kisha nikagundua kasoro katika hiyo ya gharama. Matoazi ya mpiga ngoma yalisikika kulia tu. Upande wa kushoto yalikuwa kimya. Nikasema, mwambie mwenzako ameuziwa feki, upande mmoja umekufa.

Kijana akazivaa. Akasikiliza kwa muda. "Zote zinalia, Baba."

Nikamnyang'anya. Nikazigeuza, ya kulia nikaitia kushoto, ya kushoto nikaitia kulia. Matoazi yakabaki kulia. Nikachukua zile za 50,000 nikazigeuza vilevile. Yakabaki kulia. Nikakaa na waya mkononi. Watoto wangu wanajua kwamba kuna mlio mwembamba ambao hunisindikiza usiku. Hata mimi niliuzoea nikauona kama nzige wa Tanga. Lakini miaka yote hii sikujua kuwa nimepoteza kitu kizima, kwa kuwa sikio la kulia lilikuwa likimfichia mwenzake.

Kijana hakusema neno. Alikwenda jikoni akaleta chai.

Tulichukua za 50,000. Fedha iliyobaki tuliinunulia vikofia vya akiba, na baadaye tukaenda wote wawili kupimwa masikio, yake mazima. Nilimwandikia hesabu ya Shirika la Afya Duniani kwenye kifuniko cha boksi: desibeli 80, saa 40 kwa wiki, desibeli 90, saa 4 tu. Maana kifaa hiki hakimlindi mtu anayekifungulia hadi mwisho.

Mwezi uliofuata nilihudhuria harusi Sinza ambako bendi yao ilipiga. Meza yangu ilikuwa karibu na jukwaa. Kwenye wimbo wa tatu watu wakaanza kutunza, vigelegele vikapanda, nikamwona kijana anachomoa iafoni moja ili awasikie, na mkono wa pili unakwenda kwenye kidude cha kuongezea sauti ya ile iliyobaki. Ilikuwa ya kushoto ndiyo iliyobaki. Nikasimama, mbele ya wakwe za watu, nikagusa sikio langu. Akaniona. Akairudisha ile ya kulia, akaibana vizuri kwa kidole, akaendelea kupiga.