Maji ya Pili: Ukamuaji wa Pombe ya Mtama Newala na Masasi

Utamaduni wa Wamakonde ukitajwa, mara msomaji hukumbuka vinyago, na akiongeza hutaja ngoma ya sindimba. Hatuna ugomvi na vinyago. Lakini sisi tuliotumikia Serikali miaka kadhaa katika Newala na Masasi tumeona ustadi mwingine, usionunuliwa na watalii, ulio mikononi mwa akina mama: kukamua pombe ya mtama kwa maji machache.

Yafaa tueleze kwanza habari ya maji. Ardhi ya uwanda wa Makonde ni ya mchanga. Mvua inyeshapo, maji huzama yakatokeza chini ya miteremko na mabondeni. Mjerumani Karl Weule, aliyefika Newala mwaka 1906, aliandika juu ya uhaba huo. Katika miaka ya 1950 ulianzishwa mradi wa kuyapandisha maji kwa pampu. Hata hivyo bomba likikauka, mama hushika tena njia ya bondeni. Mtungi uliopandishwa mlima kwa kichwa haumwagwi ovyo.

Basi pombe hupikwaje? Mtama hurowekwa, ukaoteshwa, ukaanikwa na kusagwa kuwa kimea. Uji hupikwa ukatokota, kisha huachwa upoe hata kidole kiuvumilie kwa shida, ndipo kimea kitiwe. Atiaye kimea katika uji unaotokota amekiua, maana vimeng'enya vigeuzavyo wanga kuwa sukari havistahimili moto huo. Naye angojaye uji upoe kabisa, uchachu utamtangulia. Joto likiwa la kadiri, uji mzito huwa mwepesi na mtamu. Hiyo ndiyo togwa, mama wa pombe.

Togwa ikichujwa kwa kung'uto, machicha hubaki yamelowa, na unyevu ule una utamu ule ule wa togwa iliyochuruzika. Msomaji wa pwani atafahamu upesi akikumbuka nazi: baada ya tui la kwanza machicha hutiwa maji, likatoka tui la pili. Tulimwona bibi mmoja wa Newala, mpishi wa pombe za jando, akimimina kata moja, akikoroga, akingoja, akikamua, kisha kata nyingine.

"Shikamoo bibi. Mbona hutii maji yote mara moja ukapumzika?"

"Marahaba, mwanangu. Onja haya ya mwisho, kisha uniambie kama ningepumzika."

Tulionja. Jioni tukaketi na kalamu. Machicha yakiwa yameshika lita 4 za togwa, nawe ukamimina lita 8 za maji kwa mara moja na kuzichuja, theluthi ya sukari iliyokuwamo hubaki. Ukizigawa lita hizo hizo 4 na 4, hubaki robo. Ukizimimina 2 kwa 2, mara nne, hubaki kama sehemu moja ya tano tu. Maji ni yale yale, mtama ni ule ule. Bibi yule hakuishika kalamu kamwe. Tena alijua pa kukoma: maji yakianza kuleta ukakasi wa maganda ulimini, aliweka kata chini.

Wako watakaosema kwamba habari za pombe hazistahili kitabu kama hiki. Sisi tumewahi kusoma barazani, mwaka wa njaa, tangazo la kuzuia pombe ya nafaka. Tangazo lilikuwa la haki, kwani mtama wa pombe ni chakula cha mtoto. Lakini katika mwaka wa kawaida jando na unyago hazikosi mtungi, na mpishi mwangalifu huujaza kwa nafaka pungufu kuliko mwenzake mzembe. Nafaka iliyosalia hurudi ghalani.

Siku hizi mabibo yamebadili mambo. Kuanzia Oktoba, msimu wa korosho, tunda hukamuliwa na maji yake huachwa yachachuke yenyewe kuwa uraka. Hakuna kimea, wala mtungi wa bondeni. Hatuulaumu uraka (tumeunywa). Ila katika nyumba nyingi tulizozuru Masasi, mabinti wanajua kukamua bibo, na kung'uto la bibi limetundikwa darini, linakusanya moshi.