Mwezi wa Shilingi 280,000

Mada hii tumeianza mara mbili tukaifuta, kwa sababu ndani yake mna siri ya marehemu. Mara hii tumemuomba ruhusa Mama, akafikiri siku mbili, akasema andikeni, huenda ikamfaa mtu.

Sisi ni ndugu wawili wa kike, tunakaa Mpendae na Mama yetu, katika nyumba ya bibi mzaa mama. Mkubwa anasomesha skuli na ameshachumbiwa, harusi yake in shaa Allah baada ya Ramadhani. Mdogo anapiga hina na piko, na huenda baadhi yenu mikono yenu imepita kwake. Baba yetu alikuwa fundi seremala. Mungu amrehemu, na amsamehe, na ailaze roho yake mahali pema.

Mama alipomaliza eda yake, miezi minne na siku kumi, ndipo tulipofungua sanduku la kazi la Baba. Chini ya randa na misumeno kulikuwa na daftari dogo la kurasa za mistari. Mlikuwa na majina ya wateja, vipimo vya milango, na ukurasa mmoja ulioandikwa kwa kalamu nyekundu: mbao, 780,000. Chini yake, kalipwa 150,000. Halafu hakuna kitu tena.

Tulimjua mwenye mbao. Alikuja mazikoni, alikuja kwenye khitma, na hakusema neno. Tulipomfuata, mmoja wetu mikono ikimtetemeka, alituambia alikuwa anangoja Mama atoke eda kwanza, kwa heshima. Hakutudai. Lakini pia hakusema amesamehe, na hatukuona haki ya kumlazimisha aseme. Naye ana watoto.

Dada zetu, sote tumelisikia darasani jeneza lile aliloletewa Mtume (S.A.W), akauliza kama maiti ana deni, na alipoambiwa analo, hakumsalia mpaka Abu Qatada alipolibeba yeye. Kulisikia darasani ni jambo moja. Kulikumbuka usiku, na ukurasa wenye wino mwekundu uko chini ya mto wako, ni jambo jingine. Tuliviuza vifaa vya Baba kama sharia inavyotaka, deni kabla ya urithi, tukapata 210,000. Imebaki 420,000. Sheikh wetu alitueleza kwamba mali ya marehemu ikishamalizika, warithi hawalazimiki kulipa kutoka mifukoni mwao, ila wakilipa ni wema mkubwa kwake. Tukarudi nyumbani tukatazamana. Hakuna aliyesema "basi, hatulazimiki".

Mshahara na pesa ya hina vikiwekwa pamoja hufika kama 700,000 kwa mwezi, na kila mwezi vilikuwa vinaisha. Tukaamua: kuanzia siku ya mshahara hadi mshahara unaofuata tutaishi kwa 280,000, sote watatu, na kilichobaki chote kiende kwa mwenye mbao. Ilikuwa Mfunguo Saba. Maulidi yamepita, Ramadhani bado iko mbali, tukaona ni mwezi mtulivu.

Kwanza tulikaa na karatasi tuone pesa za mwezi uliopita zilikwenda wapi. Tulikuwa na hakika kwamba zinaliwa. Kila siku tunalalamika nazi imepanda, samaki hawashikiki, sukari haisemeki. Kumbe chakula cha nyumbani kilikuwa 235,000 tu. Vya njiani, yaani urojo, juisi, chipsi na mishkaki ya jioni, vilikuwa 95,000. Daladala na bodaboda 85,000. Bando la simu 60,000. Umeme, maji na gesi 75,000. Na 150,000 ilikwenda kwenye harusi mbili za watu, kwa sare na michango. Tuliihesabu mara tatu. Chakula cha mwezi mzima cha watu watatu, na jioni mbili za kuonekana, havikupishana sana.

Wiki ya kwanza ilikuwa na raha yake, hatuwadanganyi. Tulikuwa kama watoto wanaocheza mchezo mpya. Umeme tulinunua mara moja, na kila jioni mmoja wetu anakwenda kuisoma Tukuza kana kwamba anapima homa. Mdogo alijifunza kwenda sokoni Mwanakwerekwe jioni, wakati wauza samaki wanataka kwenda kwao na fungu la vibua linashuka bei bila ya kubishana. Shelisheli tulipewa moja na watu wenye mti, tukalichemsha tukalila na dagaa wa kukaanga, na Mama akasema hajala hivyo tangu utotoni. Muhogo wa nazi, choroko, matembele, mchele wa mapembe badala ya ule wa kunukia. Nazi moja tuliifanya mbili: tui zito la mchuzi wa leo, na tui jepesi linachemshiwa kisamvu, nacho kinalala mpaka kesho na kesho ndiyo kitamu zaidi.

Si kila kitu kilifaulu. Tulidhani maandazi ya kupika nyumbani yatatuokoa na mkate wa dukani. Tulipohesabu unga, sukari, hiliki, mafuta na gesi, na tukahesabu kwamba maandazi ya nyumbani mtu hali mawili bali matano, tulirudi kwenye boflo letu kimya kimya.

Mkubwa alikuwa anakwenda skuli kwa miguu na kurudi kwa daladala. Bodaboda tulizifuta. Bando tulinunua moja dogo, na hapo mdogo aliumia kweli, kwa sababu wateja wa hina wanataka kutumiwa picha. Akawa anawaambia waje nyumbani waangalie daftari la michoro. Wawili hawakuja tena. Hiyo nayo ni gharama, ingawa hatukuiandika kwenye karatasi.

Tulifunga Jumatatu na Alkhamisi. Hapa tuseme ukweli wetu. Alkhamisi ya pili, wakati wa kufuturu, mdogo aliuliza: hivi sisi tumefunga kwa ajili ya Allah au kwa ajili ya chakula cha mchana? Hakuna aliyecheka. Kuanzia wiki iliyofuata, siku ya saumu tulitenga thamani ya chakula cha mchana tukakitoa sadaka, ili tusijue tena faida yake. Ilitupunguzia hesabu, lakini tulilala vizuri.

Wiki ya pili ikaja harusi ya binti wa mamkubwa wetu.

Wasomaji wa Unguja hatuna haja ya kuwaelezea sare. Kitambaa kimeshachaguliwa, rangi imeshatajwa, 35,000 kwa mtu, na fundi wake 15,000. Sisi wawili ni laki moja. Tungekuwa na sababu ya kusema, tungesema. Lakini sababu yenyewe ilikuwa deni la Baba, na Baba alikuwa mtu aliyekuwa akipita mtaani kifua wazi hana anayemdai, au ndivyo watu walivyojua. Mama alikuwa ametuambia neno moja tu kuhusu jambo hili: sitara. Kwa hiyo tulisema hatutachukua sare, basi. Tukanyamaza.

Mamkubwa alinyamaza kwenye simu kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Haya, wanangu, nyinyi ndio mnajua."

Tulikwenda na magauni yetu ya Idi. Mmekuwa harusini, mnajua ukumbi unavyokuwa: safu nzima ya rangi moja, inameremeta, na wewe uko pembeni na rangi yako ya peke yako kama kifungo cha shati jingine. Shangazi mmoja alitupitia akauliza kwa sauti, "Nyinyi si wa ndani, au?" Wakati wa kupiga picha za familia tulisogea wenyewe nyuma kabla hatujasogezwa. Mdogo alikuwa amempiga hina bibi harusi bure, mikono mpaka kwenye viwiko na miguu, kazi ya usiku mzima, na hiyo ndiyo ilikuwa zawadi yetu. Lakini hina haionekani kwa mbali, sare inaonekana.

Bibi harusi mwenyewe, siku tulipokwenda kumtazama fungateni, alitushika mikono akauliza, "Nilikukoseeni nini?" Hatukuwa na jibu. Mpaka leo hatujamueleza. Akisoma hapa, atajua ni yeye, na tunamuomba radhi.

Sasa tunafika kwenye kosa letu, ambalo ndilo lililotufanya tuandike.

Baada ya harusi ile tulikuwa tumechoka na tumekasirika, na hasira ikaingia kwenye hesabu. Tukawa wakali. Chai ya pili hakuna. Taa ya uani hakuna. Mama akitaka kumkaribisha mtu, mmoja wetu anamtazama kwenye karatasi iliyobandikwa friji kabla ya kuinuka. Siku moja jirani yetu wa ukuta wa pili, aliyekuwa na akika ya mjukuu wake, akatuletea sahani ya pilau, nyama imejaa juu, kachumbari pembeni. Tukaila, na tukafurahi kwamba siku hiyo haikututoa hata shilingi. Jioni tukaiosha sahani tukampa mtoto airudishe. Tupu.

Mama alijua usiku. Hakupandisha sauti. Alikuwa amekaa kitandani, akafungua pindo la kanga yake pale alipofunga pesa zake, akatoa noti akaziweka juu ya mto.

"Asubuhi mninunulie mchele wa vitumbua," alisema. "Miaka thelathini sahani zinapita ukutani pale, na hakuna iliyovuka tupu, hata mwaka ule Baba yenu alipokuwa hana kazi." Halafu akasema: "Deni la Baba yenu mnalilipa kwa uso wangu?"

Ipo dua ambayo sisi wawili tulihifadhi tangu chuoni, na wengi wenu mnaijua, anayoipokea Anas bin Malik, ambayo Mtume (S.A.W) alikuwa akiomba kukingwa na huzuni, uvivu na mengineyo. Ndani ya dua hiyo hiyo moja mmetajwa ubahili, na umetajwa uzito wa deni. Tumeisoma asubuhi na jioni kwa miaka. Usiku ule ndio kwanza tukatambua kwamba tulikuwa tunakimbia kimoja kwa kukumbatia kingine. Nayo Suratul Furqan, aya ya 67, inawasifu wanaotoa bila ya kuvuka mpaka na bila ya kubana, wakawa katikati. Sisi tulikuwa tumeushika upande mmoja wa aya tukauacha wa pili.

Tulikubaliana upya. Sare, hapana. Urojo wa njiani, hapana. Lakini sahani hairudi tupu, na mgeni wa Mama hatazamwi kwa jicho la karatasi. Vitumbua vilipikwa, tukampelekea jirani kwa mikono yetu, tukamuomba radhi kwa sahani ile. Alicheka, akasema hakuona. Alikuwa ameona.

Wiki ya mwisho wageni wa Mama walikuja kama waliosikia tangazo. Shangazi mmoja alivuka kutoka Pemba akalala siku tatu. Tulipika, tukaongeza maji kwenye mchuzi, tukakumbuka chakula cha wawili kinavyotosha watatu, na kikatosha. Pesa hazikutosha vilevile. Tulipofunga hesabu tulikuwa tumetumia 331,000, si 280,000.

Tulikwenda kwa mwenye mbao na 369,000 katika bahasha. Alihesabu, akaandika kwenye daftari lake, akatuonyesha: imebaki 51,000. Akasema hizo ameziacha, amemsamehe marehemu kwa radhi ya nafsi yake. Tulishukuru sana, tukatoka tukiwa wepesi, mmoja wetu analia njiani kutoka pale mpaka nyumbani.

Mama alisikiliza habari yote. "Allah amlipe kheri," akasema, akaendelea kuchambua mchele. Baada ya muda akaongeza: "Nyinyi ziwekeni. Mpelekeeni. Akizikataa mbele yenu mara ya pili, hapo mtajua amesamehe kwa moyo, hakuona haya tu kwa sababu nyinyi ni watoto wa kike mnaomlilia."

Karatasi ya pili imeshabandikwa friji. Mwezi huu bando limerudi, kwa ajili ya wateja. Bodaboda bado. Kuhusu harusi ya mkubwa wetu, tumeshawaambia upande wa bwana harusi kwamba hakutakuwa na sare, kila mtu aje na nguo yake nzuri aliyonayo. Mama mkwe mtarajiwa hajajibu. Mamkubwa yeye ametupigia simu mwenyewe, akauliza ni rangi gani, tukamwambia hakuna rangi, akasema hajaelewa, tumueleze tena. Jumapili tunakwenda kwake.