Amino Asidi ya Sita

Usiku mdogo wangu anapozidiwa na maumivu, mama humkanda magoti kwa kitambaa cha moto, kisha humnywesha maji glasi baada ya glasi. Amefanya hivyo miaka kumi na saba. Kemia hakufundishwa na mtu.

Mimi ndiye ninayeisoma. Likizo iliyopita, mama aliniomba nimwonyeshe ni nini hasa ninachosomea hii shahada ya pili. Nikafungua kompyuta, nikamwekea picha ya himoglobini, protini inayobeba oksijeni katika damu. Baba alikuwa kwenye kochi, anasikiliza taarifa ya habari.

"Mbona kama ukindu uliotupwa ovyo?" mama akauliza.

Nikamwambia si ovyo. Ile ni minyororo minne, na kila mmoja umeungwa kwa amino asidi, moja baada ya nyingine. Zinazopenda maji hukaa nje, nyingi ya zile zinazoyakimbia hujificha ndani, na ndivyo mnyororo unavyojikunja hadi upate umbo lake. Ukibadilisha mpangilio, unaweza kubadilisha tabia ya protini nzima.

Nikaukuza mnyororo wa beta. Una amino asidi 146. Kwa watu wengi, ya sita ni asidi ya glutamiki, inayopenda maji. Kwa mdogo wangu ni valini, isiyoyapenda, nayo imekaa nje, haina pa kujificha. Himoglobini ikishaachia oksijeni, valini hiyo hupenya kwenye kishimo kilicho katika himoglobini ya jirani. Hiyo nayo hushika nyingine, mpaka zinakuwa nyuzi ndefu ngumu zinazoipinda seli nyekundu ikawa kama mundu. Ndiyo selimundu. Vernon Ingram alilionyesha badiliko hilo mwaka 1957, kule Cambridge.

"Na maji?" mama akauliza.

"Maji yakipungua mwilini, himoglobini husongamana ndani ya seli, na nyuzi zinaungana upesi zaidi. Ulikuwa unafanya sawa, mama."

Hakutabasamu. Aligusa kioo kwa kidole, pale kwenye valini. "Ndiyo hii tu?"

"Ndiyo hiyo tu."

"Na ilitoka kwa nani?"

Swali hilo lilikuwa na umri wa mdogo wangu. Shangazi zangu walilijibu zamani: ugonjwa umeingia na mama, kwao ndiko kuna damu mbaya. Walilisema misibani, walilisema harusini, na baba hakuwahi kuwakatiza.

"Mtoto hupata nakala mbili za jeni," nikasema. "Moja ya mama, moja ya baba. Mdogo wangu zote mbili zina badiliko lile lile."

Baba akapunguza sauti ya redio. "Sema tena hapo."

Nikarudia.

"Kwa hiyo na mimi."

"Na wewe, baba. Mlimpa wote wawili, na hakuna aliyejua."

Alikaa kimya kidogo, akavaa kandambili, akatoka nje. Mama hakumfuata. Alibaki anaitazama ile picha. "Nimesemwa miaka yote hiyo," akasema, "kwa kitu ambacho hata hakionekani kwa macho." Kisha akaenda kujaza jagi.

Sikumwambia lililobaki. Nilipima mwaka jana: ninayo nakala moja. Siumwi, wala sitaugua selimundu. Lakini nikizaa na mtu mwenye moja kama yangu, kila mimba itakuwa na nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto kama mdogo wangu. Ninaye mwenzangu, mwaka wa pili sasa, na tumeshaanza kutaja majina ya watoto. Naweza kumchorea valini kwa macho yaliyofumbwa. Kumwambia, "Twende tukapime," bado sijaweza.

Nimerudi chuoni. Kila Jumapili mama hupiga simu kunijulisha hali ya mdogo wangu. Wiki hii ameniambia kwamba juzi usiku aliyeamka kuchemsha maji ni baba.